Gemu la Kukata Masale

Jumapili hiyo tulitoka Moshi mjini saa mbili asubuhi bila kujua tunakwenda wapi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na betri ya kompyuta yetu ilishakufa zamani. Ukichomoa waya, inazima. Gemu letu lilitakiwa kufika kwenye tovuti ya shindano kabla ya saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa wawili: mimi, na fundi simu wa kutoka Singida aliyechora picha zote. Shindano lenyewe lilikuwa la kujifurahisha tu, siku mbili za kutengeneza gemu, bila zawadi. Lakini mimi niliacha shule kidato cha pili, nikaacha ufundi magari, nikaacha kubeba mizigo ya watalii mlimani. Nilitaka, mara moja tu, kumaliza kitu.

"Tupande," nilimwambia. "Huko juu watu wana sola."

Tukapanda kwa miguu kuelekea Old Moshi. Sola tuliziona, lakini mageti yalikuwa yamefungwa. Watu walikuwa kanisani, na baada ya ibada wakabaki kwenye mnada wa mazao na kuku waliotolewa sadaka. Saa nane ndipo tulipokutana na mama mmoja akirudi, kwapani ana jogoo aliyemnunua mnadani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnauza nini?"

"Hatuuzi, mama. Tunaomba umeme. Tunatengeneza gemu."

"Watu wazima na ndevu zenu?"

"Mwenye ndevu ni huyu," mwenzangu alisema. "Mimi bado."

Mama akacheka, akatuingiza sebuleni, akatuonyesha soketi.

Shindano lilitoa neno moja la kufuata: mpaka. Katika gemu letu, mkulima anamtafuta ng'ombe aliyetoroka, anapita vihamba vya majirani, yale mashamba ya nyumbani ya migomba kwa kahawa, akifyeka kila kinachomzuia. Kila kihamba tulikizungushia ua wa masale, na mwenzangu alitumia siku nzima kuchora majani yake marefu yakiruka chini ya panga.

Saa kumi na moja na nusu mama alileta chai, akasimama nyuma yetu.

"Hayo ni masale?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo anayakata."

Panga likashuka tena kwenye skrini.

"Wewe kwenu wapi?" Aliniuliza mimi, si mwenzangu.

"Sanya Juu."

"Mume wangu amelala hapo nje, masale yamemzunguka. Umezaliwa huku, halafu unafundisha watu kuyakata." Akaweka vikombe mezani, akaenda kukamua ng'ombe.

Masale ndiyo mpaka wa shamba, ndiyo alama ya kaburi, na ndilo jani unalolibeba ukienda kuomba msamaha. Nilijua yote hayo. Niliondoka nyumbani mapema, nikazoea kuyaona kama ua wowote.

"Usiguse," mwenzangu alisema. "Imebaki nusu saa. Nani mwingine atajua?"

"Huyu amejua."

"Atatuzimia umeme?"

"Hajasema."

Niligusa. Niliondoa amri ya kukata, na mkulima akakwama kwenye kihamba cha kwanza. Kitufe cha panga nikakipa kazi ya kubisha hodi, ili jirani atoke ampitishe. Jirani wa kwanza alitoka miguu juu, kichwa chini. Wa pili hakutoka kabisa. Mwenzangu alinitazama nikifuta majani yake, halafu akanisukuma nitoke kwenye kiti na kumgeuza jirani yeye mwenyewe.

Ilipobaki dakika nne tulianza kutuma kwa mtandao wa simu. Ikafika asilimia sabini, ikasimama. Mwenzangu akaitoa simu nje ya dirisha, mkono umenyooka. Ikasogea. Dakika ya mwisho kabisa, ukurasa ukaandika kwamba gemu limepokelewa.

"Ile ya panga ilikuwa nzuri zaidi," alisema, mkono bado nje.

"Najua."

Nilikwenda zizini kumwambia mama kwamba mkulima sasa anabisha hodi. Hakuacha kukamua.

"Na akikataliwa?"

Hilo hatukuwa tumelifikiria, nikamwambia hivyo.

"Gari la mwisho limeshashuka," alisema. "Laleni chumba cha mwanangu, yuko Dar. Kuna ndizi zinaiva humo, zisogezeni. Kitanda ni kimoja."

Tulizisogeza ndizi pamoja, mwenzangu ameshika mwanzo wa mkungu na mimi mwisho.