Sekunde Hamsini na Mbili za Esteria

Masunga alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Karatasi yoyote ikiletwa mbele yake, hata iwe risiti ya mafuta ya taa, aliinyoosha kwanza kwa kiganja ndipo aisome. Nilifanya naye kazi wiki mbili tu, mwaka 2001, na katika wiki hizo alinikera, alinichekesha na akaniliza. Naanza na kunikera kwa sababu mimi Generoza si mpole, na sitaki msomaji anidhanie hivyo. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Nyalikungu, mjini Maswa, na wateja wangu wanajua kwamba anayeniletea karatasi iliyolowa jasho lazima asikie la kwangu.

Masunga alizaliwa Sola, kwa wakulima wa pamba. Alisoma hadi kidato cha nne, akajifunza kupiga taipu, akaajiriwa karani wa chama cha ushirika. Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa milango. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani yao, ushirika ukabaki na maghala matupu, na makarani wakapewa barua za kuachishwa kazi. Barua zilikuwa kumi na saba, na aliyezipiga taipu ni yeye mwenyewe. Yake ilikuwa ya kumi na tano.

"Ulijisikiaje, baba Precious?" nilimuuliza siku aliponisimulia.

"Nilikagua kama ina makosa," alisema. "Haikuwa nayo."

Parokia ilimchukua akawa katibu. Wakati ule paroko alikuwa Mzungu mmoja ambaye watu walimpa jina la Salu, na Padri Salu alikuwa na Makintoshi, kompyuta ndogo ya kijivu iliyoshushwa stesheni ya Malampaka ikiwa ndani ya boksi la magodoro. Masunga akafundishwa kuitumia. Padri naye alikuwa akifundishwa Kisukuma, na mwalimu wake alikuwa Esteria, mke wa Masunga. Siku moja mwaka 1995 Padri alimkalisha Esteria mbele ya kompyuta ile, akamwekea maikrofoni yake, akamwomba asalimie jinsi watu wanavyosalimiana nyumbani asubuhi. Kila baada ya salamu aache nafasi kidogo, ili Padri akirudia kusikiliza afanye mazoezi ya kuitikia. Zikapatikana sekunde hamsini na mbili.

Mwaka uliofuata Esteria alishikwa na homa. Siku ya nne akafa. Mtoto wao, Precious, alikuwa na miezi kumi. Padri Salu akarudi kwao, na sauti ya Esteria ikabaki ndani ya Makintoshi, kwa kuwa haikuwahi kurekodiwa mahali pengine popote.

Mimi niliitwa na paroko aliyefuata, Padri Januarius. Alikuwa amepata kompyuta mpya ya Windows, tena na spika zake na maikrofoni ya shingo ndefu. Makintoshi ilikuwa imezeeka, vumbi la Maswa limeijaa, na diski yake ya ndani imeanza kugonga. Ukiiwasha unasikia tak, tak, kimya, tak. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha kila kitu kutoka ile kwenda hii kabla ile ya zamani haijakata roho.

"Rejista ya ubatizo tunayo kwenye vitabu," Masunga aliniambia siku ya kwanza, bado sijakaa. "Ikipotea nitaiandika upya. Nyimbo za kwaya watu wanazo kichwani. Lakini humu mna sauti ya mama Precious. Hiyo siwezi kuiandika."

Akanieleza kwamba Precious sasa ana miaka sita, analelewa na bibi yake huko Sola, na ameanza kuuliza mama yake alikuwa anaongeaje. Miaka yote hiyo Masunga alikuwa akingoja mtoto akue kidogo, aweze kuelewa anachosikia. Sasa amekua, na kompyuta ndiyo inakufa.

"Nataka asikie mara moja tu," alisema.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimetoka kusoma kozi ya miezi mitatu Mwanza, nina cheti ukutani, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko hilo duka.

Matatizo yalianza na flopi ya kwanza, kile kidiski bapa cha kuhamishia mafaili. Niliiandaa kwenye Makintoshi, nikanakili humo barua chache za majaribio, nikamkabidhi Masunga aiingize kwenye kompyuta mpya wakati mimi nahangaika na printa. Printa ya zamani ilikuwa na plagi ya mviringo yenye vijipini, na nyuma ya kompyuta mpya hakukuwa na tundu la mviringo la kuipokea. Nikiwa nimeinama huko chini ya meza, nikamsikia Masunga anasoma Kiingereza polepole: kompyuta inasema diski hii haijaandaliwa, inauliza kama tuiandae sasa hivi.

"Nikubali?" akauliza. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi.

"Usiguse!" Niliinuka nikagonga kichwa kwenye meza. "Toa mkono! Ukikubali inafuta kila kitu!"

Alitoa mkono kana kwamba kibodi ina moto. Uso ulimbadilika rangi, nikajua anachofikiria, nikamwambia zile ni barua tu, tena nakala. Kutoka siku hiyo hakugusa kompyuta mpya bila kuniuliza, na aliniuliza mara arobaini kwa siku, mpaka nikatamani nimfunge mikono.

Kumbe Windows haisomi flopi iliyoandaliwa na Makintoshi, lakini Makintoshi inasoma ya Windows. Nikageuza utaratibu, flopi zikaandaliwa kwenye kompyuta mpya, barua zikaanza kupita. Zilipita vibaya, maana Masunga alizoea kuanza jina la kila faili kwa Ng'wana, mtoto wa fulani, jinsi Wasukuma tunavyotambulishana. Majina yalipokatwa kufika upande wa pili zikabaki Ng'wana mia mbili na thelathini, zenye namba tu mbele, na ikabidi tufungue moja moja kujua ni mtoto wa nani. Nilimsema sana siku hiyo. Yeye alikaa akinyoosha karatasi na kuandika orodha.

Sauti ya Esteria tuliiacha hadi Alhamisi, na hilo lilikuwa kosa langu. Nilitaka kumalizana kwanza na kazi ya Padri, anayenilipa. Kila asubuhi Masunga aliuliza, "Leo?" nami nikasema bado. Na kila asubuhi diski iligonga zaidi.

Alhamisi umeme haukuwepo, na saa nane mchana jenereta la parokia lilipowashwa, Makintoshi ilikataa kuamka. Katikati ya kioo ilitokea picha ya flopi yenye alama ya kuuliza, inawaka na kuzima. Maana yake kompyuta inaitafuta diski yake na haiioni. Nikaizima, nikangoja, nikaiwasha. Ikarudi picha ileile. Masunga alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

"Kaa mbali kidogo," nilimwambia.

"Nimekaa mbali."

Mara ya tatu diski iligonga mara nyingi mfululizo, kisha kikatokea kile kikatuni cha kompyuta inayotabasamu, dalili kwamba imeamka. Sikushangilia. Nilienda moja kwa moja kwenye faili la sauti, nikaliweka kwenye flopi. Lilijaza karibu flopi nzima. Nikalihamishia kwenye kompyuta mpya, nikalifungua.

Kimya. Nikaangalia ukubwa wake. Sifuri.

Niliangalia mara mbili, nikidhani macho yangu ndiyo yamechoka. Nilinakili upya. Sifuri. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mwalimu wetu wa Mwanza alilitaja siku moja mwishoni mwa kipindi, wengine tumeshafunga madaftari: kwamba faili la Makintoshi lina vyumba viwili, na Windows inakijua kimoja. Kwenye barua maneno hukaa katika chumba cha kwanza. Kwenye faili hili sauti ilikaa katika cha pili, na hicho kilibaki mlangoni.

"Haiji," nilisema. "Kwa flopi haiji."

Masunga aliketi kwenye benchi la wageni, mikono katikati ya magoti, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimeahidi kitu nisichokijua.

Ilibaki njia moja. Makintoshi iseme kwa spika yake, na kompyuta mpya isikilize kwa maikrofoni yake. Waya wa kuunganisha mbili hizi moja kwa moja ulikuwa unapatikana Mwanza, siyo Maswa, na redio kaseti ya parokia ilikuwa imekufa upande wa kurekodi. Kwa hiyo ingepita hewani, na chochote kitakacholia chumbani kingeingia humo. Kinasa sauti cha Windows kilikubali sekunde sitini, sisi tulihitaji hamsini na mbili. Sikuwa na uhakika kwamba ile diski itatupa hata kumi.

Tulifunga madirisha na mlango. Padri Januarius alikwenda mwenyewe kusimama nje kuzuia watu. Tulibandika shuka kwenye dirisha la upande wa jenereta, joto likapanda, jasho likanitiririka mgongoni. Nikaisogeza maikrofoni karibu na spika ya Makintoshi.

"Baba Precious, nisikilize," nilisema. "Hapa hakuna kukohoa. Hakuna kupiga chafya. Hata kumeza mate, meza sasa. Tuna nafasi moja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Nikabonyeza kurekodi upande huu, nikabonyeza kusikiliza upande ule. Diski ikagonga mara moja, kisha Esteria akasema, "Mwangaluka."

Sikuwahi kumwona mwanamke yule. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, yenye kicheko kilichozuiwa, kama mtu anayemwonea haya Mzungu aliyekaa mbele yake. Akaacha nafasi, jinsi alivyoagizwa.

Na Masunga akaitikia, "Mwangaluka."

Niligeuka. Alikuwa ameketi wima, macho kwenye kioo cha Makintoshi, na sidhani kama aliniona. Nikampungia mkono. Nikaweka kidole mdomoni. Esteria akauliza kama ni salama, "Mhola?" Masunga akasema, "Mhola duhu," salama tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliye nyumbani kwake. Esteria akauliza habari za watoto, akajibiwa. Akauliza za ng'ombe, akajibiwa. Nilikuwa naweza kumziba mdomo kwa mkono wangu, na Mungu anisamehe, nililifikiria. Lakini kuinuka kungeburuza kiti. Nikabaki nimekaa, naangalia sekunde zinavyokwenda na kuharibika.

Ya hamsini na mbili ikapita. Nikasimamisha. Makintoshi ikagonga tak moja ndefu, kioo kikaganda. Niliizima na kuiwasha mara tano. Ilikuwa ile alama ya kuuliza tu, na hadi leo ni hiyo.

Nilimfokea. Naandika wazi kwamba nilimfokea mtu mzima, aliyefiwa na mke, ndani ya ofisi ya kanisa. Nilimwambia nimekuomba kitu kimoja, kukaa kimya, mtoto mdogo angeweza. Hiyo sauti haipo tena mahali pengine duniani, na wewe umeipigia kelele!

Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, ingawa hakikuwa na kunyanzi.

"Nimezoea," alisema.

"Umezoea nini?"

"Kila asubuhi nikifungua ofisi huwa namsikiliza. Ananisalimia, naitikia, ndiyo naanza kazi. Miaka mitano sasa. Sikujua kama nimeongea." Akaendelea kunyoosha kitambaa. "Nimemharibia mtoto."

Nilivuta kiti nikajaribu kumkata yeye kwenye rekodi nimwache Esteria. Haikuwezekana. Masunga alikuwa anaanza kuitikia mkewe kabla hajamaliza, jinsi watu waliozoeana wanavyofanya, na kila nilipomwondoa yeye niliondoka na kipande cha Esteria. Nilijaribu hadi jenereta likazimwa. Nililia nikiwa njiani kurudi dukani, kwa hasira na kwa huruma.

Jumapili, baada ya misa, bibi alimleta Precious kutoka Sola. Mtoto mwembamba, gauni la njano, viatu mkononi. Masunga alikuwa ameniomba nimweleze mtoto kilichotokea, lakini Precious hakungoja maelezo. Nikabonyeza.

Alisikiliza amesimama, mdomo wazi. Ilipoisha akaomba tena. Ya pili alimtazama baba yake, akatazama kompyuta, akamtazama baba yake.

"Kumbe mlikuwa mnaongea hivi," alisema kwa Kisukuma.

Masunga akanitazama. Nikainamia kibodi.

"Ndiyo," akamjibu. "Kila asubuhi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwake," Masunga alisema. "Umelala."

Precious akaomba tena, nikabonyeza.