MC Maganga Anataka Kusomea Watu

Sauti ya Maganga ilijulikana Bariadi nzima, hata kwa wasiomjua sura. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ameshika maiki kwenye harusi, sendofu, vipaimara, na mara moja kwenye uzinduzi wa trekta. Mkewe, Anna, alikuwa mpambaji wa kumbi. Wateja waliwachukua wote wawili kwa pamoja: mke anafunga vitambaa kwenye viti, mume anawachekesha watakaovikalia.

Habari ya chuo kikuu ilianza na utani mmoja. Kwenye harusi ya Kiloleli, Maganga alimgeukia bwana harusi akamwambia, "Risiti ya wale ng'ombe unayo? Itunze, maana bidhaa ikishatoka dukani hairudishwi." Watu walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha meno ya bandia kwenye pilau. Wiki iliyofuata alikuwa Ipililo, upande wa Maswa. Wasukuma walewale, mahari ya ng'ombe vilevile. Akarudia utani uleule.

Hakucheka mtu. Mjomba wa bibi harusi alinyanyuka taratibu, akaenda kwenye jenereta, akaizima. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida tu, kwa kuwa ukimya ule haukuhitaji spika, "Binti yetu si bidhaa. Utatoa mbuzi."

Maganga akatoa mbuzi. Mbuzi alichinjwa siku hiyohiyo, na Maganga mwenyewe akapakuliwa nyama, akawa anakula faini yake kwa pilipili. Hapo ndipo alipokuja kukaa naye shangazi ya bibi harusi, Felisita, mhadhiri wa chuo kimoja cha Mwanza, miwani ikining'inia kifuani.

"Utani wako ulikuwa mbaya," alisema.

"Nimeshaulipia, shangazi. Ndio huu nautafuna."

"Lakini nimesikia Kiloleli walicheka."

"Walicheka sana. Ndicho ninachojiuliza. Watu walewale, ng'ombe walewale. Kwa nini kule wacheke, huku wazime jenereta?"

Felisita alichukua mnofu kwenye sahani ya Maganga bila kuomba. "Swali hilo watu wanalisomea miaka mitatu. Linaitwa sosholojia. Unajifunza watu wanavyooana, wanavyorithishana, wanavyogombana, nani anamwamkia nani kwanza na kwa nini. Mwisho wanakuvika joho."

"Mama, huo si umbea?"

"Ni umbea wenye marejeo."

Maneno hayo yalimwingia Maganga kuliko mahubiri yote aliyowahi kusikia. Kesho yake alikichomoa cheti chake cha kidato cha sita kutoka chini ya godoro. Alikuwa amesoma Historia, Jiografia na Kiswahili, akapata D, D na E, na tangu siku ile hakutaka kukiona tena. Akampigia simu Felisita, akamsomea matokeo kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"D mbili zinatosha kugonga mlango," Felisita alimwambia. "Subiri dirisha la maombi lifunguliwe, uombe. Na usinitaje mimi, sina mjomba huko ndani."

Anna alipewa habari hizo wakati akikunja vitambaa.

"Unataka kusomea watu," alisema. "Watu gani?"

"Watu wote."

"Anza na wa humu ndani, hujawamaliza. Na Jumamosi nani atashika maiki?"

Maganga hakuwa na jibu, kwa hiyo akaenda kijijini kwa baba yake, kama wanavyofanya wanaume wengi wakikosa jibu kwa wake zao. Mzee Jilala alikuwa zizini, ameshika ndama mwenye jicho bovu.

"Mwangaluka, baba," Maganga alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wana wane," mzee alimwitikia mwanawe. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka kwenda chuo kikuu."

Mzee aliendelea kulisafisha lile jicho. "Kusomea nini?"

Maganga alijua kwamba sosholojia haitapita kwenye meno ya baba yake, akasema, "Elimu ya jamii."

"Ujamaa?"

"Jamii, baba."

"Ujamaa naujua. Mwaka sabini na nne walikuja na lori wakatuhamisha, wakasema tukakae pamoja. Tulikaa pamoja na kunguni wa majirani. Ng'ombe walibaki kule, sisi huku, tukawa tunatembeleana."

"Hii si ile. Hii ni ya kujua kwa nini watu wanafanya wanavyofanya."

"Ukishajua utawazuia?"

"Hapana."

"Utawatibu?"

"Hapana, baba."

"Basi utawaangalia tu."

"Nitawaangalia na kuandika."

Mzee Jilala akamwachia ndama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Ungesema udaktari ningekukatalia. Wewe damu ya kuku inakukimbiza. Lakini kuangalia watu unaweza. Nilikupa ng'ombe uchunge, wakaingia kwenye pamba ya mchungaji wa Kanisa, wewe umekaa kwenye kichuguu unaangalia wapita njia. Nenda. Labda huko ndiko wanakohitaji mtu wa namna hiyo."

Maganga aliichukua hiyo kuwa baraka, maana nyingine hakupata.

Likatokea tatizo la jina. Cheti cha kuzaliwa kilimwita Maganga Jilala, cheti cha shule kikamwita Maganga Jirara. Ilibidi apate kiapo cha wakili, na kwa kuwa alitaka pia kwenda kukiona chuo kwa macho yake, akapanga kufanya yote mawili Mwanza, arudi Jumamosi. Jumamosi hiyo alikuwa na harusi ya Mayige, mfanyabiashara wa pamba. Akamwomba MC mwenzake wa Maswa amshikie maiki mpaka arudi. Mwenzake akakubali, akakubali na harusi nyingine, kisha akazima simu.

Maharusi wakafika mlangoni, muziki unalia, maiki imelala mezani. Mayige, bwana harusi mwenyewe, akamtazama Anna, ambaye alikuwa juu ya ngazi anafunga ua la mwisho.

"Mama, tufanyeje?"

Anna alishuka, akavaa viatu, akachukua maiki.

Maganga alipofika na bahasha yake ya kiapo, ukumbi ulikuwa unacheka hadi nje. Alisimama mlangoni, karibu na kreti za soda, akasikiliza.

"Mume wangu ameenda Mwanza kutafuta digrii ya kuwaelewa watu," Anna alikuwa anasema, bila haraka, kama anayeongea na jirani. "Namtakia heri. Ataanza na wa mbali, sisi wa karibu tumemshinda." Mashangazi wa Mayige walikuwa wameegemeana wakifuta machozi. "Naona ameshafika. Mpeni soda, mkalisheni na wageni."

Maiki hakumpa.

Maganga akakaa. Ilimuuma, tusidanganyane. Utani wake yeye ulikuwa wa kupiga kelele, na huu wa Anna haukuwa na kelele yoyote, lakini watu walikuwa wanasahau kula. Soda ilipomwishia, akaanza kutazama meza zilizomzunguka. Upande wa bibi harusi hawakugusa chakula mpaka mjomba wao mkubwa aanze, na mjomba mkubwa hakuanza mpaka aone upande wa pili wameanza. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, pilau linapoa. Miaka yote hiyo akiwa mbele, hakuwahi kuliona hilo.

Jumatatu Mayige akapiga simu. "Novemba kuna sendofu ya mdogo wangu. Tunamtaka mama."

"Mama yupi?"

"Mkeo."

Siku mbili Maganga hakuzungumza na mkewe ila kwa mambo ya chumvi na ufunguo. Siku ya tatu akasema, "Umenichukulia kazi."

"Uliiacha mezani," Anna alisema. "Ulitaka niendelee kufunga maua watu wakitazamana? Na ukienda huko chuoni tutakula nini, marejeo?"

Maganga akamwelekeza pa kupata betri nzuri za maiki, na Anna akajua ugomvi umekwisha.

Dirisha lilipofunguliwa akaomba, na jina lake likatoka awamu ya pili ya waliochaguliwa. Siku ya kuondoka, Anna hakuweza kumsindikiza. Alikuwa na kipaimara. Alikuja Mzee Jilala, na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akauliza kama Mwanza watu wanakula. Akaagana na mwanawe kwa kumpa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wote wawili wakaona aibu kidogo.

Bwenini alipangwa chumba kimoja na vijana watatu ambao wangeweza kuwa wanawe. Walimwita Mzee, wakala michembe yake kabla hajafungua sanduku, na mmoja akamuuliza kama ni kweli Wasukuma wanaoa kwa ng'ombe.

"Kaa chini," Maganga alisema. "Lakini kwanza niambie kwenu mnaoa kwa kitu gani, na nani anakasirika."

Jumamosi jioni akampigia Anna. Nyuma yake vilisikika vigelegele na spika.

"Nipigie Jumatatu," Anna alisema. "Nina watu hapa."

Maganga akaweka simu chini, akachukua ndoo, akaenda kufua mashati.