Kidole Gumba cha Kushoto

Kwenye gemu ya kuwinda madubwana, mimi nilikuwa kidole gumba cha kulia. Kulia ndiko kwenye vitufe vya kupiga upanga na kurusha mishale. Kushoto ni kutembea tu, na kutembea ilikuwa kazi ya rafiki yangu, maana simu ilikuwa moja na sisi tulikuwa wawili. Tulikaa mkekani bega kwa bega, nyumbani kwetu Bangwe, yeye kashika upande wake, mimi wangu. Mtu akituona alidhani tunanyang'anyana simu.

Na kugombana tuligombana kweli. "Nisogeze karibu bwana, mbona unakimbia?"

"Si lina mkia hilo! Ngoja ligeuke."

Mimi nilitaka kupiga tu, yeye alijua kungoja. Nilimwita mwoga, akanicheka, dubwana likageuka, nikapiga, likaanguka. Halafu nilijisifu kama vile nimeliua peke yangu.

Alikuja kwetu miaka ile watu walipokuwa wakivuka kutoka Burundi. Mama alikuwa anaanika dagaa pale mwaloni Kibirizi, na mama wa huyu rafiki alikuwa mteja wake wa siku nyingi, wa kuja na boti na kurudi na magunia. Safari hiyo alishuka hana gunia, ana homa kali na binti wa rika langu. Mama hakuuliza mara mbili. "Twendeni nyumbani," alisema, na ikawa hivyo. Chumba changu kikawa chetu, simu yangu ikapata mwenyewe wa pili. Mwindaji wetu wa kwenye gemu tulimpa jina la Mgebuka, kwa sababu ndiye samaki tuliyekuwa tumemla mchana huo.

Kitu kilichotupatanisha upesi ni salamu. Sisi Waha, na wao kule kwao vilevile, salamu si ya kurusha huku unapita. Unainama, unapiga makofi taratibu, unauliza za nyumbani, za wazee, za mvua, mwenzio anajibu, naye anaanza za kwake. Sasa ile gemu ilikuwa na kitufe cha kumfanya mwindaji apige makofi, na kingine cha kuinama. Waliokitengeneza walikusudia makofi ya kushangilia ushindi. Siku ya kwanza tulipoingia mtandaoni kuwinda na watu tusiowajua, Mgebuka alimwendea mmoja mmoja, akainama, akapiga makofi. Tunamaliza kumsalimia wa kwanza, wengine wako bondeni wanatafunwa na dubwana. Mmoja akatuandikia kwa Kiswahili, "Nyie vipi, mmekuja harusini?" Wakatufukuza kwenye kikundi. Tukaingia kikundi kingine, tukasalimia upya. Loo, unaanzaje kazi na watu hujawajulia hali?

Mama yake alipopata nafuu wakaandikishwa kuwa wakimbizi, wakapangiwa basi la kwenda kambini. Asubuhi ya kuondoka nililia mpaka Mama akanikemea. Rafiki yangu hakulia. Alinishika kidole gumba cha kushoto, akakitikisa, akasema, "Na wewe usikimbie hovyo. Ngoja ligeuke."

Mwanzoni tulipata habari zao kupitia watu waliotoka huko. Baadaye tukasikia wametoka kambini. Mmoja alisema wamerudi kwao, mwingine akasema wamepelekwa nchi ya mbali, wa tatu akatazama chini, na huyo wa tatu ndiye aliyeninyima raha. Mama akawa anauliza kila boti linalotia nanga Kibirizi. Anarudi jioni, ananiona ninavyomtazama, anatikisa kichwa. Tunachambua mchele, tunapika.

Mimi nikacheza peke yangu. Kidole changu cha kulia kilikuwa hodari, cha kushoto mbumbumbu kabisa. Kilinipeleka moja kwa moja kwenye mkia, nikafa, nikafufuka, nikafa tena. Watu niliowinda nao mtandaoni walinishauri nibadilishe jina, eti mwindaji gani anaitwa samaki. Niliwajibu vibaya, mdomo ninao. Jina sikuligusa, kwa sababu ukiliandika pale pa kutafutia wachezaji, linatokea. Na kila mgeni nilimsalimia, nainama, napiga makofi mpaka wananichoka. Nilikuwa nasubiri mmoja tu arudishe.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nimekaa uani, Mama anageuza dagaa aliokuja nao, likaingia ombi la mtu kutaka kuwinda na mimi. Jina lake tarakimu tupu. Nikakubali, Mgebuka akainama, akapiga makofi. Yule naye akainama. Akapiga makofi. Nikarudia, akarudia. Moyo ukaanza kwenda mbio, nikaukanya: Waha tuko wengi duniani, tulia.

Dubwana likatoka pangoni. Nikalivamia, na yule mgeni hakupiga hata pigo moja. Analizunguka tu. Anasogea, anarudi nyuma, anangoja. "Piga basi, mvivu we!" nilifoka, utadhani ananisikia. Akangoja mkia upite, akalivuta lile dubwana mpaka likanigeuzia mgongo wote, wazi, halafu akasimama kando. Upanga mgongoni kwake, hajauchomoa.

Hapo nikashindwa kuona kioo, machozi yalinijaa. Nilipiga kwa kubahatisha, likaanguka.

Nikaandika: "Mama?"

Jibu likaja: "Mzima. Yuko hapa ananiuliza mama yako anaendeleaje."

"Mama!" Nilipiga ukelele hadi jirani akachungulia. Nikamwonyesha Mama kioo, nikamweleza nusunusu: yule pale aliyesimama ni yeye, wako hai wote, mama yake yuko pembeni yake. Mama hakuuliza gemu ni nini wala wako wapi. Alifuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti mbele ya simu pale chini, kwenye magamba, akaanza kupiga makofi yake ya kweli, taratibu, huku anauliza: "Mwakeye? Mmeamkaje? Mgonjwa wetu alipona? Mnakula?"

"Hakusikii, Mama, bonyeza hapa."

Akabonyeza, kwa kidole kinachonukia dagaa. Kule upande wa pili mwindaji akainama sana, akakaa vile, nikajua simu imeshahamia mikononi mwa mama yake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaishukuru na ile gemu, na waliotia kitufe cha makofi bila kujua.

Nyuma ya wale wawindaji wawili dubwana jingine likatoka pangoni, kubwa kuliko la kwanza. Nililiona, na nina hakika rafiki yangu aliliona pia. Likawapiga wote wawili wakafa, na hakuna aliyekimbia, kwa sababu mama zetu walikuwa hawajamaliza kusalimiana.