Kanga Niliyoianika kwa Buabua

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na sufuria yangu mwenyewe, maana sikuwa na imani na sufuria za watu. Vani ilisimama Woolwich, London, karibu na soko, imejaa wazee wa Kiingereza na darubini zao shingoni. Mkuu wa Msafara, Mzungu mrefu mwenye masikio mekundu, alinitazama juu mpaka chini.

"Unajua kunyamaza?"

"Najua kupika."

"Sikukuuliza hilo."

Kazi ilikuwa hiyo: kuwapikia watu wanaokwenda magharibi ya Ireland kila kiangazi kutazama ndege. Msicheke, wajukuu zangu. Mie nilishacheka zamani. Nilitoka Unguja baada ya mapinduzi na watoto wawili, mume sina, skuli nimeishia darasa la tatu, na ofisi niliyokuwa nikiifagia pale Woolwich imefungwa. Kwa hiyo nilipanda vani, watoto nikawaacha kwa jirani.

Tulivuka kwa feri, tukaenda kwanza maziwani. Huko mnakaa ndani ya kibanda cha mbao chenye matundu, wenyewe wanakiita maficho, mnamngoja ndege kibisi apite majini na vifaranga mgongoni. Darubini ya shingoni ni ya kutazama karibu. Ya miguu mitatu ni ya mbali. Nguo ziwe rangi ya matope. Niliambiwa hivyo, nikavaa. Habari za kufua hakuna aliyeniambia.

Kutoka maziwani tukahamia nyumba moja ya pwani. Asubuhi ya tatu jua likatoka. Nyinyi hamjui jua la Ireland; likitoka, unaanika kwanza, mengine baadaye. Nikafua kanga yangu nyekundu, nikaitandaza juu ya waya wa uzio, pale penye upepo mzuri, nikarudi kukoroga uji.

Ng'ambo ya uzio palikuwa na changarawe tupu. Mie niliona changarawe. Kumbe ndipo buabua wadogo, ndege wa pwani, wanapoatamia. Buabua huyu hajengi. Anachimbua kidogo kwa kifua, anataga, na yai lake hulitofautishi na kijiwe. Kanga ikaanza kupiga upepo, pa, pa, pa, na ndege wote wakaruka wakipiga kelele. Nikasema moyoni, leo wanaimba.

Mkuu wa Msafara akaingia jikoni mbio.

"Nani ametundika bendera ile?"

"Si bendera. Kanga. Ni yangu."

"Iteremshe! Mayai yakipoa yamekufa!" Masikio yalizidi kuwa mekundu. "Wasiporudi, kesho unapanda feri. Peke yako."

Niliiteremsha, nikaikunja, nikaenda kukaa nyuma ya kilima cha mchanga, mbali, nikaikalia ili isipepee tena. Niliwafikiria wanangu kule Woolwich, watakula nini. Halafu nikawatazama wale ndege wakizunguka juu, hawathubutu kushuka. Mie niliyeikimbia nyumba yangu kwa kelele za watu, leo nimewakimbiza wenzangu majumbani mwao. Hilo liliniuma kuliko feri.

Mvua ikaanza. Mkuu wa Msafara akaja na darubini ya miguu mitatu, chai na daftari, akakaa kando yangu.

"Wewe umewaondoa, wewe utawahesabu wakirudi."

"Sijui kuandika Kiingereza."

"Ndege hawajui kusoma."

Tukangoja. Wa kwanza alishuka, akaruka tena, akashuka. Akatikisa kifua, akalala juu ya mayai yake. Nikaandika: mmoja. Kisha wawili pamoja. Kisha watano. Mvua ilinipenya mpaka kwenye mifupa, sikuinuka. Jana yake, kwa hesabu ya Mkuu, walioatamia walikuwa ishirini na wawili. Nilifika ishirini na mmoja, hakushuka mwengine.

"Wazee wana njaa," akasema.

"Wangoje."

Tulikaa mpaka chai ikapoa. Ndipo yule wa mwisho akashuka, akatembea hatua mbili tatu kama mwenye haya, akayageuza mayai kwa mdomo, moja baada ya jingine, akakaa.

Mkuu wa Msafara akajifuta uso. "Haya, nenda kapike."

Neno la msamaha hakulitoa, na mie sikumwomba. Lakini kiangazi kilichofuata alinipa aproni, na juu ya aproni ameweka daftari jipya. Toka hapo nikawa mpishi na mhesabuji wa buabua, mpaka yeye akastaafu, akaja Mkuu mwengine, mpaka na magoti yangu yakakataa kupanda vani. Sikuwahi kuandika neno la Kiingereza. Wao walijifunza kusoma buabua, sululu na shakwe.

Sasa nakaa na madaftari yangu kabatini. Watu huniuliza nilifanya kazi gani London, nawaambia nilikuwa nikinyamaza.

Mwezi wa sita mjukuu wangu mkubwa kaenda kule. Kaniomba kanga ile ile, imepauka, nikampa. Akanipigia simu kutoka pwani, anazungumza kwa kunong'ona, na kwa mara ya kwanza hakunijibu kwa Kiingereza.

"Bibi, wapo. Wameatamia."

"Kanga yangu iko wapi?"

"Nimeikalia, Bibi."

"Daftari unalo?"

"Ninalo."

"Basi kata simu, uwahesabu."