Skrubu Mbili za Bunduki ya Baba

Wazazi wangu walitaka wafalme watatu, wale mamajusi wa Krismasi. Wa kwanza wakamwita Melchior, wa pili Balthasar, na kitanda cha Kaspar kilikuwa kimeshapakwa rangi nilipozaliwa mimi. Mama alisimulia kwamba mkunga aliposema ni msichana, baba alitoka nje akapasua kuni mpaka jioni. Wakanipa jina la bibi, Kreszentia, na bonde zima likalifupisha kuwa Zenzi, kama lilivyowafupisha kaka zangu kuwa Melk na Balz. Kitanda nikalalia kile kile.

Nimeishi na hao kaka zangu miaka sitini na minane, na sina zuri la kusema juu yao. Melk ndiye mkubwa. Alikuwa fundi barabara wa wilaya, na mpaka leo anatembea kama mtu anayekagua mashimo. Balz alichonga mbao kiwandani, akapoteza ncha ya kidole cha shahada cha kushoto, na hakuna mgeni aliyewahi kufika kijijini bila kuonyeshwa. Tangu utotoni hawaivi chungu kimoja. Waligombania kijiko, wakagombania mbuzi, wakagombania msichana mmoja wa kijiji cha Illgau ambaye alikuwa na akili zake, akaolewa na mtu wa posta.

Mimi sikuolewa. Nilifanya kazi kiwanda cha jibini miaka thelathini na mmoja, nikapima maziwa ya watu wote wa bonde na kujua nani anatia maji. Baba alipopooza upande mmoja, nilimtunza miaka minne. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani. Wafalme walikuja Krismasi na chupa ya pombe, wakaimaliza wenyewe.

Baba alikuwa na bunduki yake ya jeshi, ile fupi ya muundo wa mwaka thelathini na moja. Alipewa akiwa kijana, akasimama nayo mpakani miaka yote ya vita, na alipostaafu jeshi wakamwachia kama walivyowaachia wenzake. Jumapili akirudi uwanja wa shabaha, aliisimamisha karibu na jiko na kuniita. Nilikuwa na miaka tisa. Nilipitisha kitambaa kwenye mtutu mpaka kikatoka cheupe, nikapaka grisi, nikampelekea. Aliingiza kidole, akakitazama, akasema, "Tena." Hakuwahi kusema asante hata siku moja, na kaka zangu hakuwahi kuwaruhusu waishike.

Mwaka sitini na tano niliomba kujiunga na klabu ya walenga shabaha. Wanaume walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Miaka kadhaa baadaye walianza kupokea wanawake, lakini wakati huo walikuwa wameshanipa penseli. Mwandishi wa pointi hukaa kwenye kigoda nyuma ya walengaji, anaandika kila risasi kwenye karatasi, na kazi hiyo ilionekana inanifaa. Nikaandika pointi za watu miaka arobaini na kitu bila kugusa kifyatuo.

Baba alifariki Februari ya mwaka tisini na tano. Kwenye chakula cha mazishi, kabla supu haijapoa, Melk alisema bunduki ni yake kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Balz akasema ni yake kwa kuwa yeye ndiye anayepiga. Wakasimama. Kitambaa cha meza kikavutwa na sahani saba zikaenda chini. Xaver Betschart, mkuu wa klabu, ndiye aliyepata dawa. Alisema kila Oktoba, Siku ya Bunduki za Zamani, hawa wawili walale kwenye nyasi wapige risasi kumi kumi. Atakayemshinda mwenzake akae nayo mwaka mzima. Wakitoka sare, inabaki ilipo. Watu wote walipiga meza kwa furaha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikiokota vigae, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Tangu siku hiyo Melk na Balz hawajasemezana. Wanasema kupitia kwangu.

Sasa nawasimulia Oktoba iliyopita. Bunduki ilikuwa kwa Melk. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, ukungu umekaa katikati ya mlima, na upande wa pili wa bonde, mita mia tatu, shabaha za karatasi zilisimama juu ya handaki. Siku ile hatutumii mitambo. Watu hukaa handakini, na kila risasi ikipita wanainua kibao kwenye fimbo kuonyesha ilipogonga. Wakikipepea huku na huku, ujue umekosa shabaha nzima. Nyuma yetu soseji zilikuwa zinaungua na wazee walikuwa wanakunywa kahawa yenye pombe saa mbili asubuhi.

Kaka zangu wakalala kwenye nyasi kavu tulizowatandikia, mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto. Mmoja ana sabini na tatu, mwingine sabini na moja. Ilichukua dakika tano kuwalaza.

"Zenzi," Balz akaanza, "mwambie huyo bwana barabara miwani inavaliwa puani, sio kwenye paji la uso."

"Mwambie huyo mpasua mbao," Melk akajibu, "ahesabu vidole vyake kabla ya kuanza. Asije akadai tumemwibia."

"Mwambie mwaka huu sibebi huruma."

"Mwambie hata angebeba, mkono wenyewe mbovu."

"Ambianeni wenyewe," nikasema. "Mimi sio posta."

Hawakunisikia. Hawajawahi.

Xaver akapiga kelele ya kuanza. Balz hupiga haraka, anavuta na kufyatua kana kwamba anafukuzwa, na kabla ukungu haujasogea alikuwa ameshamaliza kumi zake. Pointi arobaini na nne kwa hamsini. Akaweka chini bunduki yake mwenyewe, akageukia ubavu, akamkodolea macho kaka yake kwa makusudi ili amtie kiwewe. Melk anapiga polepole. Risasi ya tisa ilipompa tano, nilijumlisha: arobaini na moja. Akipata tatu, sare, bunduki inabaki kwake. Akipata chini ya hapo, inaondoka. Wazee wakaacha vikombe wakasogea.

Melk akavuta pumzi. Akaweka kitako begani, na hapo kitu kikalia. Klak. Akakitoa, akakiweka tena. Klak.

"Simamisha!" Xaver akaita. "Melk, toa risasi. Nini hicho kinacheza?"

"Hakuna kinachocheza."

"Nimesikia. Toa risasi, mzee."

Melk akaitoa risasi ya kumi, akaiweka kwenye nyasi. Xaver akainama, akashika kile kibamba cha chuma cha nyuma ya kitako, akakitikisa kikatikisika kama jino la mtoto. Skrubu zake mbili zilikuwa zimelegea, na vichwa vyake vimelika mpaka vinang'aa.

"Bunduki yenye kitu kilicholegea hapa haipigwi. Zenzi, una bisibisi?"

Ninayo siku zote, kwenye kopo la penseli. Nikainuka kwenye kigoda.

"Usifungue!"

Walisema wote wawili, kwa pamoja, kwa sauti moja. Miaka kumi na tisa sikuwahi kuwasikia wakikubaliana hata juu ya hali ya hewa.

"Nakaza tu," nikasema.

"Usiguse," Melk akasema, na uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu. "Nitaikaza nyumbani."

"Ameshinda!" Balz akadakia. Alikuwa ameshapiga magoti. "Xaver, tangaza ameshinda. Mimi nimekubali. Tukanywe kahawa."

Balz amekubali! Mtu aliyekwenda mpaka kwa mwanasheria kwa ajili ya mti mmoja wa tufaha! Nikawatazama mmoja baada ya mwingine, na nikahisi hasira inapanda kutoka miguuni, ingawa sikujua bado ni ya nini. Kila askari wa nchi hii anajua kuna nini nyuma ya kile kibamba. Unapopewa bunduki unaandika jina lako, mwaka uliozaliwa na kikosi chako kwenye kipande cha karatasi, unakificha pale. Ukitaka kujua bunduki ni ya nani, unafungua. Ya baba hakuna aliyesema ifunguliwe, maana kila mtu alijua ilikuwa ya baba.

Nikampokonya Melk bunduki. Skrubu hazikuhitaji hata nguvu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara mbili, imelainika kwa mafuta. Juu, kwa mwandiko wa kijana: *Gwerder Jost, 1914*, na kikosi chake. Chini, kwa wino mwingine, mwandiko ule wa mkono wa kushoto aliojifunza baada ya kupooza, ambao nilimshikia karatasi wakati akijifunza:

*Baada yangu, Zenzi. Wavulana wana zao.*

Nikaisoma mara mbili. Kisha nikaisoma kwa sauti, wasikie mpaka waliokuwa kwenye soseji.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza Balz.

Akaangalia nyasi. "Mwaka ule wa kwanza. Niliifungua kuisafisha."

"Na wewe?"

"Mwaka uliofuata," Melk akasema.

"Halafu?"

Nikampiga Melk begani na kopo la penseli. "Halafu nini, we mzee? Sema!"

"Halafu nikairudisha. Nilijua huyu naye ameiona. Basi kila nikiipata nilifungua kuangalia kama hajaichukua."

"Mimi pia," Balz akasema. "Niliogopa huyu ataichoma."

Kumbe hilo ndilo lililomaliza skrubu. Miaka kumi na tisa ya kufungua na kufunga, kila mmoja akimchunga mwenzake asiibe kitu ambacho wote wawili walikuwa wameshaniibia.

"Na kwa nini hamkuichoma?"

Melk akavuta kamasi. "Ni mwandiko wa baba, Zenzi."

Hapo ndipo walipotaka nilie. Niliona Balz anatafuta leso yake, wazee wamevua kofia. Hawakunipata. Baba aliniandikia maneno machache, ndiyo asante pekee niliyopewa maishani, na hawa wawili waliyapeleka nyumba hadi nyumba kwenye gari pamoja na mbolea. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia na mengine ambayo siyaandiki kwa kuwa padri naye alikuwepo. Nikawakumbusha mashuka ya baba, vigae, chupa za Krismasi. Balz akasema, "Jamani Zenzi, si mbele za watu," nikamwambia mbele za watu ndipo alipokuwa akinipora.

Nikakaza skrubu mpaka zikashika kidogo. Xaver akazijaribu kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, akakohoa. "Imebaki risasi moja. Sasa... nani anaipiga?"

"Mwenye bunduki," nikasema.

Nikalala kwenye nyasi za Melk, bado zina joto lake. Sketi ilipanda, sikujali. Nikaingiza ile risasi ya kumi, nikakoki, na mlio wake niliujua kuliko sauti yangu. Nikalenga kama nilivyoona watu wakilenga miaka arobaini, nikashusha pumzi, nikafyatua. Ilinipiga bega kama teke la ng'ombe.

Tukangoja. Kule handakini kikatoka kibao. Kikapepea huku, kikapepea huku. Sikugusa hata kona ya karatasi.

Balz alicheka. Alijizuia, lakini kilimtoka puani, kama wale wa mwaka sitini na tano. Nikanyanyuka bila kushikwa mkono na mtu, nikachukua penseli, nikaandika sifuri mahali pake kwa mwandiko mzuri.

"Nimekosa," nikasema. "Na bado ni yangu."

Nikaitundika begani nikateremka barabarani. Melk alinifuata mpaka kwenye daraja huku akihema.

"Sasa Oktoba ijayo mimi na huyo tutapigania nini?"

"Kigoda," nikamwambia. "Kimebaki wazi."

Jumatatu nilikwenda dukani nikanunua skrubu mbili mpya. Jumapili ile ile usiku nilikuwa nimeshapitisha kitambaa kwenye mtutu, nikaingiza kidole, nikakitazama, nikapitisha tena. Karatasi ya baba nimeitoa, iko ndani ya kitabu changu cha sala. Pale pake nimeweka yangu: *Gwerder Kreszentia, 1946. Kikosi: hakuna.* Chini yake nimeandika jina la atakayeichukua baada yangu. Balz amemtuma mkewe mara mbili na keki ya karoti aje aniulize ni nani. Keki nimekula. Skrubu nimezikaza mpaka bisibisi imeteleza.