Lebo Yetu na Sauti ya Shangazi

Lebo yetu ya muziki ilianzia Mchafukoge, kwenye chumba tunacholala mimi na mume wangu, ghorofa ya tatu, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele. Tulitaka kurekodi taarab asilia tu: udi, fidla, kanuni, na mwimbaji aliyetulia. Wafanyabiashara wa Kariakoo walitucheka. Mmoja aliniuliza kama vitenge vimenishinda kuuza.

Toleo la kwanza lilikuwa la shangazi yangu wa Magomeni. Alikuwa ameimba tangu usichana wake, harusi kwa harusi, wala hakuna aliyewahi kumrekodi. Jumanne iliyofuata alikuwa apasuliwe koo, na daktari hakuficha: huenda sauti isirudi. Tulibaki na Jumapili moja, maduka yamefungwa na mikokoteni imepumzika.

Wapigaji wakaanza. Shangazi akaimba ubeti mmoja, akanyamaza.

"Namwimbia nani? Magodoro?"

Kwetu mwimbaji hutunzwa: maneno yakikugusa unainuka, unamwendea taratibu na noti mkononi. Asipotunzwa hujua amechuja. Mimi nilikuwa kwenye mitambo, kwa hiyo nikamtuma mume wangu, Mchagga wa Kilimanjaro, mtu wa kwaya. Shangazi alipofungua mdomo tu, yeye akampa noti, akainamisha kichwa, akarudi kukaa.

"Mkwe wangu, hiyo ni sadaka?" Shangazi akauliza. "Ngoja neno likuchome kwanza!"

Mara ya pili mume wangu alisubiri, lakini akaenda na viatu. Ko, ko, ko, zote zikaingia kwenye rekodi. Nilimfokea mpaka nikaona haya mbele ya wapigaji. Mara ya tatu alikwenda peku, mabega yakiyumba kama debe juu ya mkokoteni. Alipofika katikati ya chumba, shangazi alikuwa kwenye ubeti wa kuagana. Mume wangu akasimama pale pale, noti juu, machozi yanamtoka. Shangazi akamkazia macho, akamwimbia yeye hadi mwisho. Mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Daktari alikuwa mkweli. Sauti haikurudi, shangazi sasa hunong'ona tu. Nakala ya kwanza ilipotoka tukampelekea Magomeni. Alisikiliza wimbo wote, kanga mdomoni, na hata pale fidla ilipochelewa hakumsema mtu. Niliogopa, nikajua tumemuumiza. Wimbo ulipokwisha alinivuta karibu.

"Kumbe nilikuwa naimba hivi?" akanong'ona. "Mbona hamkuniambia?"