Matundu Saba ya Bibi

Jioni ile ilinigharimu shilingi elfu nne na mia tano: nauli kwenda na kurudi, soda moja, na korosho ambazo muuzaji aliapa ni kipimo kamili. Kiingilio kilikuwa bure, ndiyo maana nilikwenda.

Yalikuwa mazungumzo ya majengo ya zege, yale yaliyojengwa mjini kwetu watu walipoanza kuchoka na mabati. Kila msemaji alikuwa na picha ishirini, kila picha sekunde ishirini, kisha inajibadilisha yenyewe. Kama hujamaliza sentensi, shauri yako. Msemaji wa tatu, msanifu majengo, akapanda jukwaani, na picha yake ya kwanza ilikuwa nyumba yetu.

Yetu kwa maana ya kupanga. Ghorofa mbili, Kariakoo, na ukuta wa ngazi wote wa matofali ya matundu, upepo uingie na jua libaki nje. Msanifu mwenyewe alikuwa binti wa ghorofa ya juu. Wao walikuwa na roshani. Mimi nilikuwa na bibi, na jiko la mkaa chini ya ngazi.

Ungekuwepo, ndugu yangu, ungejua saa kwa pua tu. Hiliki na tui la nazi maana yake alfajiri. Mafuta yakianza kulia, shule imekaribia. Mwanga ulipenya matunduni ukaanguka sakafuni kwa miduara, kama vitumbua vya ziada visivyouzika. Kazi yangu ilikuwa kuvipanga vile vya kweli kwenye sinia na kuvihesabu. "Hesabu mara mbili," bibi alikuwa akisema. "Mara ya kwanza yanahesabu macho, ya pili inahesabu akili."

Basi ile mara ya pili vikawa vinapungua. Siku tatu nilichapwa mimi. Ya nne, bibi akauona mkono mdogo wenye bangili ukipenya tunduni kutoka upande wa ngazi. Hakugomba. Alikoroga saruji kwenye kopo la maziwa, akaziba matundu saba ya usawa ule kwa kidole gumba. Mama wa juu akateremsha sukari nusu kilo ya kuomba radhi. Bibi akaipima.

Sasa picha ya kumi na moja ikaja: matundu saba.

"Tazameni," akasema yule binti, "fundi ameyaziba makusudi, kuzuia jua la asubuhi."

Ukumbi ukapiga makofi. Wivu ukaniuma kuliko kipimo cha korosho. Yuko roshani tena, na mimi chini ya ngazi.

Alipoteremka nikamfuata.

"Mambo?"

"Poa. Ni wewe kweli? Bado unahesabu?"

"Matundu saba yale fundi wake ni bibi. Na sababu ni mkono wako."

Akacheka. "Ningesemaje, kaka? Nisimame pale nijitangaze mwizi wa vitumbua?"

"Sekunde ishirini zingetosha. Vilikuwa kumi na viwili tu."

"Kumi na kimoja. Kimoja kiliangukia ngazini."

Nyumba ile imeshavunjwa. Pamesimama vioo, maduka ya simu hadi ghorofa ya sita, na viyoyozi vinanguruma pale upepo ulipokuwa ukipita bila bili. Wiki ya kuvunja nilipatana na vibarua, nikaondoka na tofali moja. Nyumbani linazuia mlango usijifunge. Kwenye saruji yake gumba la bibi limebaki, mistari yote.

Kosa langu ni kumwambia yule binti. Sasa analitaka kwa maonyesho. Ameahidi kuandika jina la bibi juu na habari ya mkono wake mwenyewe, ule wa bangili, chini.

Bibi hakupigiwa makofi hata siku moja. Nikilitoa, watakaoshangilia watamtazama aliyesimama kando ya tofali. Nikilizuia, gumba lile litaendelea kushika mlango, na atakayeliona ni mimi peke yangu. Nimehesabu mara mbili na majibu hayalingani. Ungekuwa wewe, ungempa?